Bereti, Kofia na Kalamu Nyekundu ya Mwalimu

Kuna kosa moja nililolitenda nilipokuwa mwalimu chipukizi ambalo sijawahi kuliungama hadharani. Leo, kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu ni walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wao, naona ni vyema niliweke wazi, kwani nashuku kwamba si mimi pekee niliyelitenda, na wala sidhani kwamba limekwisha kutendwa.

Ilikuwa mwaka wa 2003. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza shahada yangu ya kwanza na kuanza kufundisha Kiswahili katika shule moja ya upili katika mkoa wa Pwani. Wanafunzi wa kidato cha pili niliwapa insha ya kawaida, ile ambayo kila mwalimu huitoa angalau mara moja kwa mwaka: siku ambayo sitaisahau. Miongoni mwa insha arubaini na kitu nilizokusanya, ambazo aghalabu zilihusu ajali za barabarani na sherehe za arusi, palikuwa na moja iliyoandikwa na msichana ambaye babake alikuwa mwanajeshi. Baba huyo alikuwa amekwenda Sierra Leone pamoja na wanajeshi wengine wa Kenya katika kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani, kikosi ambacho wakati huo kilikuwa chini ya amri ya Mkenya, Jenerali Daniel Opande. Kwa miezi mingi watu wa nyumbani walikaa roho juu. Kisha jioni moja mlango ukabishwa. Binti aliandika kwamba hakuutazama uso wa aliyesimama pale kizingitini. Alichokiona kwanza ni bereti ya samawati, na papo hapo akajua kuwa babake yu hai.

Nami nilifanya nini? Nilichukua kalamu nyekundu, nikalizungushia duara neno bereti, kisha nikaandika pambizoni: "Tumia Kiswahili! Kofia." Nikampunguzia alama mbili.

Siku ya pili yake alikuja katika chumba cha walimu, daftari mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Una shida gani?"

"Samahani, mwalimu. Kofia ni ile ya babu, ya viua, anayoivaa akienda msikitini. Na mjomba ana kofia yake ya jua, anayoivaa akienda kuvua. Hii ya baba ni bereti. Nikiandika kwamba niliona kofia mlangoni, nani atajua kwamba ni baba?"

Nilimjibu kama wajibuvyo wenye kalamu. Nilimwambia kwamba Kiswahili ni lugha tajiri isiyohitaji kuombaomba, na kwamba mwandishi mzuri hukimbilia maneno ya kwao kabla ya kuyaendea ya wageni. Binti akasema, "Haya, mwalimu," akachukua daftari lake akaenda zake. Hakubisha. Ila katika insha zote alizoniandikia baada ya hapo hadi alipomaliza shule, sikumbuki kuliona tena neno hata moja ambalo ningeweza kulizungushia duara, na wala sikumbuki kumwona tena babake.

Ilinichukua miaka kadhaa, na shahada mbili nyingine, kutambua ukubwa wa kosa langu. Nilikuwa nimefuta neno la kigeni ili niandike jingine la kigeni.

Hebu tulitazame neno kofia. Limetufikia kutoka Kiarabu, ambako kufiyya ni kile kitambaa kinachofungwa kichwani. Nao Waarabu walilipata wapi? Hapo wataalamu hugawanyika. Wapo wanaolihusisha na mji wa Kufa nchini Iraki, na wapo wanaoliona kuwa jamaa ya neno cofea la Kilatini cha zama za mwisho, ambalo Waitaliano wamelirithi kwa sura ya cuffia na Wafaransa kwa sura ya coiffe. Sina haja ya kuwaamua hapa. Liwe lilitoka Kufa au lilitoka Roma, jambo moja halina ubishi: halikuzaliwa katika lugha za Kibantu. Na si hilo tu. Neno alama, zile mbili nilizompokonya msichana wa watu, ni la Kiarabu. Neno kalamu nalo ni la Kiarabu, na Waarabu walilipata kwa Wayunani, ambao waliuita mwanzi wa kuandikia kalamos. Kwa hiyo nilikuwa nimeshika mwanzi wa Kiyunani, natoa adhabu kwa kipimo cha Kiarabu, nikilinda usafi wa Kiswahili!

Sasa na tulifuate neno lile nililolifukuza, tuone kama lilistahili kufukuzwa.

Bereti, kama ijulikanavyo na kila aliyewahi kumwona askari kwenye gwaride, ni kofia laini ya duara, bapa, isiyo na ukingo wala pembe. Ile ya asili hutengenezwa kwa sufu. Kwanza hufumwa ikawa kubwa na legelege, kisha hutiwa maji na kugongwagongwa mpaka nyuzi zishikane, isinyae, iwe nzito na isipenyeze mvua kwa urahisi. Hatimaye hutiwa rangi na kuumbwa umbo. Kwao hasa ni Béarn, eneo la kusini-magharibi mwa Ufaransa chini ya milima ya Pyrenees, ambako wachungaji wa kondoo waliivaa kujikinga na baridi na mvua. Watu wa huko walikuwa na lugha yao isiyokuwa Kifaransa cha Paris, lugha iliyo katika jamii ya Kioksitani, na kwa lugha hiyo waliiita berret. Ni katika karne ya 19 tu ambapo Wafaransa wa mjini walilichukua neno hilo wakalifanya béret, na Waingereza nao wakalipokea kutoka kwa Wafaransa.

Lakini hata wale wachungaji hawakulitunga. Berret limetokana na birrus la Kilatini cha zama za mwisho, nalo birrus halikuwa kofia hata kidogo. Lilikuwa joho, vazi la kujitanda lenye kifuniko cha kichwa. Kaisari Diocletian wa Roma alipotoa amri ya kudhibiti bei za bidhaa mwaka wa 301, miongoni mwa mavazi yaliyotajwa ni birrus la kutoka Britannia, yaani nchi tunayoiita leo Uingereza. Tena Warumi wenyewe, kama waonavyo wanaisimu wengi, walilipata neno hilo kwa watu wa jamii ya Wakelti waliowatawala, katika mzizi wenye maana ya "fupi." Mpaka leo katika lugha ya Welsh, ambayo ni mojawapo ya lugha za Wakelti zilizo hai, neno byr maana yake ni "fupi."

Tazama basi mwendo wa neno hili. Lilianza likiwa sifa, "fupi." Likawa jina la joho fupi. Kisha likaliacha joho likabaki na kifuniko chake cha kichwa, na mwisho likawa kofia. Na halikuzaa mtoto mmoja. Biretta, ile kofia ya pembe ya mapadre wa Kanisa Katoliki, ni ndugu wa bereti tumbo moja. Wahispania nao wana birrete, na wengi wao hulitumia kuitajia kofia ya mahafali. Hivyo mwanafunzi anayehitimu chuo kikuu katika nchi zisemazo Kihispania hutunukiwa shahada akiwa amelivaa neno lile lile ambalo mimi nililizungushia duara jekundu.

Huenda msomaji akashangaa vipi jina la vazi la mwili mzima lisinyae hadi likawa la kichwa. Asishangae, maana sisi wenyewe tuna kisa cha namna hiyo kilichokwenda kinyume. Wareno walipofika mwambao wetu walikuja na lenço, yaani kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Waswahili wakalifanya leso. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani wakawa wanaziunga leso kadhaa kwa kuzishona pamoja zikawa vazi la kujitanda, na jina likakua pamoja na vazi. Leo ukimwambia bibi wa Mombasa akupe leso, atakupa nguo ya kujifunga kiunoni na kubebea mtoto mgongoni. Birrus lilishuka kutoka mwilini likaishia kichwani. Leso ilipanda kutoka mkononi ikaenea mwilini. Hakuna anayewacheka Waswahili kwa sababu hiyo, na hakuna anayedai leso irudishwe Lisbon.

Kisa cha ajabu zaidi kimo katika jina la pili la kofia hii. Jirani za watu wa Béarn ni Wabaski, taifa lililotanda pande zote mbili za mpaka wa Ufaransa na Uhispania, lenye lugha isiyo na udugu unaojulikana na lugha nyingine yoyote duniani. Wabaski wameivaa bereti kwa bidii mno hata ulimwengu umezoea kuiita "bereti ya Kibaski." Husimuliwa kwamba Napoleon wa Tatu, alipokuwa akijengewa kasri huko Biarritz katikati ya karne ya 19, aliwaona vibarua wa Kibaski wakiwa wameivaa, akaipa jina lao, na jina likaganda. Ikiwa masimulizi hayo ni ya kweli au ni ngano tu, matokeo ni yale yale: kofia ya Béarn ikavishwa jina la jirani. Haikuwa ya kwanza wala ya mwisho kupatwa na mkasa huo. Ile kofia ya majani iitwayo Panama hufumwa nchini Ecuador.

Wabaski wenyewe, lakini, hawaiiti bereti. Wao huiita txapela, neno linalotamkwa kwa kuanza na sauti kama ya ch yetu. Na txapela halikuwa la Kibaski asilia. Limetokana na chapel la Kifaransa cha kale, lenye maana ya kofia, ambalo nalo lilitokana na cappa la Kilatini, jina la joho jingine lenye kifuniko cha kichwa! Sasa msomaji alitamke neno hilo polepole: cha-pe-la. Je, halimkumbushi kitu? Kifaransa hicho hicho cha kale kiliwapa Wareno chapéu, Wareno wakatuletea sisi, nasi tukalifanya chapeo au chepeo. Wakristo wanaosoma Biblia ya Kiswahili hulikuta chapeo katika Waraka wa Paulo kwa Waefeso, sura ya 6, pale mtume anapozitaja silaha za Mungu. Mchungaji wa Kibaski anayevaa txapela mlimani na mhubiri wa Kiswahili anayeitaja chapeo mimbarini wanalitumia neno la ukoo mmoja, ingawa hawajapata kuonana.

Kwa Wabaski txapela ni heshima pia. Mshindi wa mashindano hutawazwa kwa kuvishwa kofia hiyo kubwa, na bingwa huitwa txapeldun, yaani mwenye txapela. Hata wale malenga wao wanaojibizana kwa mashairi ya papo kwa papo mbele ya maelfu ya wasikilizaji hugombea hiyo hiyo. Mwaka wa 2009 Maialen Lujanbio alikuwa mwanamke wa kwanza kuitwaa katika mashindano yao makuu. Sisi tunalielewa hilo bila ya kufafanuliwa. Kwetu kilemba kilikuwa pia jina la zawadi apewayo fundi au mwalimu na mwanafunzi aliyehitimu, na anayesifiwa kwa unafiki husemwa kuwa amevishwa kilemba cha ukoka.

Nimeizunguka dunia hivi kwa makusudi. Ninataka mwalimu mwenzangu aone kwamba ukimuuliza kila mvaaji wa kofia aonyeshe hati ya kumiliki jina lake, hakuna atakayekuwa nayo. Mbaski ataazima kwa Mfaransa, Mfaransa kwa mtu wa Béarn, mtu wa Béarn kwa Mrumi, Mrumi kwa Mkelti. Asili ya neno ni historia yake, na historia ni ya kusomwa darasani. Haifai kugeuzwa kuwa kibali cha kuingilia nchini.

Na ajabu nyingine ni hii. Mfaransa wa Paris, alipolichukua neno la wachungaji, aliiangusha sauti ya mwisho. Aandikapo béret, ile t huiona kwa macho tu, hamsikii mtu akiitamka. Mwingereza kadhalika. Mswahili yeye amelipa neno irabu mwishoni, kama lugha yetu inavyotaka kila silabi iishe wazi, na kwa kufanya hivyo ameifufua t iliyouawa Paris. Zaidi ya hayo, sheria yetu ya kuweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho imeuangusha mkazo pale pale unapoangukia katika matamshi ya Béarn: be-RE-ti, be-RRET. Mchungaji wa Pyrenees akimsikia askari wa Kenya akitamka bereti, ataelewa upesi kuliko akimsikia profesa wa Paris. Hilo ndilo neno nililoliona kuwa halijui Kiswahili.

Limeingia hata katika sarufi yetu bila ya kusukumwa. Watu husema bereti hii na bereti hizi, bereti yangu na bereti zangu, ngeli ya I-ZI, karibu na kalamu na sahani. Neno likishapata sauti zetu, ngeli yetu na watumiaji wetu, limebakiza nini cha kulifanya geni?

Lilifikaje huku kwetu? Lilikuja na jeshi. Askari wa King's African Rifles, kikosi cha wakoloni kilichoundwa mwaka wa 1902, walijulikana kwa tarbushi zao. Bereti iliingia jeshini Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Waingereza walikuwa wameiona vichwani mwa askari wa milimani wa Ufaransa, na wanajeshi wa vifaru wakaipenda kwa sababu za kikazi: haina ukingo wa kugonga vyuma ndani ya kifaru, na ikiwa nyeusi haionyeshi madoa ya mafuta. Mfalme George wa Tano akaiidhinisha kwa kikosi cha vifaru mwaka wa 1924. Vita Vikuu vya Pili vikaieneza katika vikosi vingine, kila kikosi na rangi yake, na majeshi ya nchi zilizopata uhuru yakairithi. Rangi ya samawati nayo ilianza kuonekana vichwani mwa askari wa Umoja wa Mataifa mwaka wa 1956, kikosi cha dharura kilipopelekwa Misri baada ya vita vya Suez.

Tangu hapo kofia ya mchungaji imebebeshwa maana nyingi, nyingine zikipingana. Alberto Korda alipompiga picha Che Guevara mjini Havana tarehe 5 Machi 1960, bereti ikawa alama ya mapinduzi. Wanachama wa Black Panther, chama kilichoasisiwa Oakland nchini Marekani mwaka wa 1966, waliivaa nyeusi kudai haki za watu weusi; na katika nchi hiyo hiyo Rais John Kennedy alikuwa ameidhinisha ya kijani kwa askari wa kikosi maalumu mwaka wa 1961. Hapa Kenya mwanafunzi wa chuo kikuu akiona bereti nyekundu za GSU langoni haoni kofia za wachungaji. Anatafuta njia ya kukimbilia. Na jirani zetu wa Uganda waliona mwezi Septemba mwaka wa 2019 bereti nyekundu, iliyokuwa alama ya wafuasi wa Robert Kyagulanyi, maarufu kwa jina la Bobi Wine, ikiwekwa na serikali katika orodha ya mavazi ya jeshi ambayo raia haruhusiwi kuyavaa.

Sasa na turudi kwa yule msichana. Katika maana zote hizo, yeye alikuwa na yake moja: samawati, mlangoni, jioni, baba yu hai. Neno kofia halingeweza kuibeba maana hiyo, kwa kuwa kofia ni jina la jumla. Kofia ni ya viua, ni tarbushi, ni ya jua, ni ya baridi, ni ya mtoto mchanga. Kumlazimisha aandike kofia ni kama kumlazimisha mvuvi aandike "samaki" kila anapotaka kusema changu, tasi au nguru. Nilidhani nafundisha ufasaha. Nilikuwa nafundisha ukungu.

Najua wapo watakaoniambia, na wana haki ya kusema, kwamba nikiufungua mlango huu Kiswahili kitageuka jalala. Watasema kwamba vijana wetu tayari huandika nusu ya sentensi kwa Kiingereza, na kwamba mwalimu asiposhika zamu hakuna atakayeshika. Hoja hiyo siipuuzi. Mwanafunzi akiniandikia kwamba babake alivaa "hati" kichwani, nitachukua kalamu nyekundu bila ya kusita, kwa sababu hati kwetu ni maandishi rasmi, na kitu anachotaka kukitaja tayari kina majina yake hapa. Huo ni uvivu, na uvivu si ukopaji.

Tofauti kati ya mambo hayo mawili haihitaji shahada ya uzamifu. Kabla ya mwalimu kulizungushia neno duara, na ajiulize: je, Kiswahili kina neno jingine litajalo kitu hiki hiki, si jamaa yake wala jirani yake? Je, neno hili limekubali sauti na ngeli zetu? Je, wanaoishi na kitu chenyewe, awe askari, fundi, mvuvi au mpishi, hulitumia wakizungumza Kiswahili na kuelewana? Neno likifaulu kwa maswali hayo, kulifuta ni kumdhulumu mwanafunzi, tena ni kuidhulumu lugha, kwa kuwa tunaipokonya uwezo wa kutofautisha vitu. Bereti hufaulu kwa yote.

Nina pendekezo jingine kwa walimu. Pale tunapokuwa na shaka juu ya neno, tuifanye shaka hiyo kuwa somo. Badala ya kuandika "Tumia Kiswahili!" pambizoni, tuandike swali: neno hili limetoka wapi? Mwanafunzi alitafute, awaulize wazee, afungue kamusi. Fikiria darasa la kidato cha pili likigundua lenyewe kwamba chapeo ya mhubiri, leso ya bibi na kalamu ya mwalimu zote zilivuka bahari. Darasa hilo halitaogopa tena isimu. Na nanyi wanafunzi, mwalimu akilizungushia duara neno mnaloamini kuwa ni sahihi, nendeni mkamuulize kwa adabu, kama alivyoniuliza yule binti. Mkisema "Haya, mwalimu" na kuondoka, mwalimu anaweza kubaki na ujinga wake kwa miaka mingi. Ninajua, kwa kuwa ndivyo nilivyobaki mimi.

Yule msichana sasa ni mtu mzima, na sijui kama anasoma gazeti hili. Iwapo analisoma, ninataka ajue kwamba sentensi yake ilikuwa sahihi kama alivyoiandika, na kwamba aliyekosea ni aliyeshika kalamu nyekundu. Alama zake mbili ningali nadaiwa.